Kibuyu cha Ijumaa

Kila Ijumaa Kamaliza aliwapelekea vipofu maziwa, na nyumbani kwake mwenyewe alikuwa na kipofu aliyemficha.

Maziwa aliyabeba katika kibuyu chenye mpasuko ubavuni. Mumewe Makuza ndiye aliyeushona mpasuko ule kwa uzi wa mgomba, siku zile alipokuwa bado anaona tundu la sindano. Kibuyu kilikuwa maarufu. Akina mama wa Chama cha Mtakatifu Lusia wakikiona kwa mbali walisema, "Ile kibuyu ya kushona njo inashuka," yaani ndicho hicho kinachoshuka. Chama kilikuwa na nyumba ya udongo nyuma ya kanisa, na humo waliishi vipofu na wenye macho hafifu ambao ndugu zao walikuwa wamechoka kuwashika mkono. Wakulima waliwaletea maharage, wafugaji waliwaletea maziwa. Mwenye kuleta aliheshimiwa. Mwenye kuletewa aliombewa, na katika vilima vya Masisi kuombewa si jambo la kumfurahisha mwanamume mwenye ng'ombe.

Makuza alikuwa na ng'ombe mmoja, Bihogo, na hata huyo hakuwa wake kabisa. Alipewa na Gatera, mwenye kundi kubwa kule juu, kwa desturi ya wafugaji isiyohitaji karatasi. Mtu anakupa ng'ombe, unakunywa maziwa, na wewe unakuwa mtu wake: unamchungia, unamjengea zizi, unakwenda anapokutuma. Siku utakaposhindwa kumtumikia, ng'ombe anarudi kwake na ndama wake nyuma, na hakuna wa kumlaumu. Sasa mchungaji asiyeona ni mchungaji gani? Ndiyo maana macho ya Makuza yalipoanza kuziba, kwanza pembeni kisha katikati, yeye na mkewe walikubaliana kwamba hayajaziba.

Ijumaa hiyo Mama Nyiraneza, mjane mkulima aliyekuwa mkubwa wa chama, alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akamwita Kamaliza kwa jina la bintiye.

"Mungu akurudishie, Mama Athanasie. Na Papa Athanasie, iko muzima?"

"Iko muzima. Ameenda kuchunga."

"Bantu banasema siku hizi anatembea pole pole sana."

"Muguu njo inamuuma," alisema Kamaliza, akakohoa kidogo, ingawa hakuwa na kikohozi.

"Kifua yako nayo haiponake," Mama Nyiraneza akamwambia kwa huruma. "Ile asali nilikupa uliimaliza?"

"Niliimaliza, mama."

Mama Nyiraneza akamweleza habari za lori. Jumatatu lori la misheni lingewapeleka vipofu Goma, kwa mganga wa macho aliyepita huko mara moja tu kwa mwaka. Nafasi zilikuwa karibu kujaa, ilikuwa imebaki moja. Kamaliza akasema ni jambo jema, Mungu awatangulie, kisha akachukua kibuyu chake kitupu akaondoka haraka.

Alilikumbuka lori hilo. Mwaka uliopita alisimama kando ya barabara akawapungia mkono waliokuwa wamepanda. Makuza alikuwa naye, naye akapunga, tena kwa furaha, lakini upande ambao lori halikuwepo. Kamaliza alimshika kiwiko akamgeuza. Basi, wakaenda zao nyumbani, na mwaka mzima ukapita hivyo.

*

Kile kikohozi kilikuwa lugha yao. Kukohoa mara moja maana yake: simama, kuna kitu mbele. Kiwe jiwe, shimo, mtu au ng'ombe aliyelala, Makuza alisimama, akanyoosha fimbo kama mtu anayefikiri, akatafuta njia. Kukamua hakukumsumbua, mikono haihitaji taa. Malishoni Bihogo mwenyewe ndiye aliyemwongoza, yeye akamfuata nyuma ameshika mkia, na akisikia mtu anakuja anauachia. Wafugaji wengine walimwona amesimama peke yake akighani sifa za ng'ombe wake, wakasema huyu bwana ana mapenzi makubwa. Kumbe alikuwa anamwita asimwache.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kamaliza aliijua methali hiyo tangu utoto, lakini alijua pia kwamba Athanasie, binti yao mdogo, alikuwa amezaliwa dhaifu na maziwa ya Bihogo ndiyo yaliyomsimamisha. Nyumba yao haikuwa na shamba. Shamba lao lilikuwa kiwele.

Aliporudi Ijumaa hiyo alimkuta Makuza anashuka kisimani na mtoto begani. Aliwaona kutoka upande wa pili wa bonde, mbali mno kwa kikohozi. Makuza alikuwa anaimba. Alipofika mahali alipodhani ndipo penye majani ya kisima, akainama taratibu, akamshusha mtoto, akamwambia acheze hapo. Hapakuwa penye majani. Palikuwa ukingoni, pale ardhi ilipokatika msimu wa mvua, na chini kabisa kulikuwa na mto na mawe.

Kamaliza hakupiga kelele. Aliogopa kelele zingemfanya mtoto ageuke. Alikimbia, akavuka, akapanda kwa mikono na magoti, na muda wote huo aliona miguu midogo ya Athanasie ikining'inia na kuchezacheza. Alimnyakua kwa nyuma.

"Ni nani?" Makuza akauliza.

"Ni miye."

"Mbona unapumua hivyo?"

Kamaliza alimtazama mumewe aliyekuwa bado anatabasamu, amepinda shingo upande ili asikie vizuri. Alimpenda, na wakati huohuo alitaka kumpiga. Alimfunga mtoto mgongoni, akashuka tena mpaka parokiani, safari hii bila kibuyu.

*

"Haiwezekani kwa siri?" alimwuliza Mama Nyiraneza baada ya kueleza yote.

"Haiwezekani, mwanangu. Lazima jina itajwe mu kanisa siku ya mungu, bantu bote bashuhudie. Mwaka juzi muntu alijifanya kipofu juu ya kupata blanketi. Tulimupa, kesho yake tukamuona anaruka mufereji na blanketi mu shingo! Tangu siku ile katekista Polycarpe anapima kila muntu."

"Gatera atasikia."

"Gatera anakaa ku kiti ya mbele kabisa. Atasikia mbele ya bantu bote."

"Atakamata Bihogo."

Mama Nyiraneza hakumdanganya. "Anaweza kuikamata, ndiyo. Lakini macho yakipona, bwana yako atapata ngombe ingine. Ngombe haiwezi kumupa macho."

"Na yasipopona?"

Mjane alipangusa mikono yake yenye udongo wa shamba. "Nitakuwekea ile nafasi," alisema.

Kamaliza alirudi nyumbani bila kumwambia mumewe. Jumamosi yote alikuwa mpole kwake, akampikia vizuri, akamchana nywele, na Makuza akashangaa bahati hiyo imetoka wapi.

*

Wachungaji huacha fimbo zao mlangoni mwa kanisa. Jumapili hiyo Makuza aliiacha yake, akaingia mkono wake begani mwa mkewe kama kawaida, akakaa mahali pake. Misa ikaisha. Katekista Polycarpe akasimama kutaja majina ya watu wa lori, na jina la mwisho lilikuwa la Makuza.

Minong'ono ikaanza kanisani. Kwenye kiti cha mbele, Gatera aligeuza mwili mzima.

"Papa Makuza," alisema Polycarpe, "bibi yako amesema ya kama hauonake tena. Ni kweli?"

Makuza hakusimama mara moja. Mkewe alikuwa kando yake, magoti yao yanagusana, na alilihisi goti la Makuza likijitenga na lake. Kisha akainuka.

"Bibi yangu ana roho ya uoga," alisema kwa sauti kubwa. "Niko naona."

"Basi kuja hapa mbele, tusalimiane."

Polycarpe hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, lakini kanuni ni kanuni. Alitoa ishara kwa mkono, na waimbaji wawili wakainua benchi bila kelele, wakaliweka katikati ya njia. Watu wote waliliona benchi lile. Hata watoto waliliona, wakaziba midomo.

Makuza akaanza kutembea. Hakuwa na fimbo, hakuwa na mkia wa Bihogo. Alikwenda ameinua kichwa, kanzu yake safi, hatua za mwanamume anayejua aendako, na benchi likamngoja. Kamaliza aliinamisha uso akauma upindo wa nguo yake. Ni yeye aliyelitaka jambo hili. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Makuza ataanguka, watu watacheka kidogo, wengine watalia, Gatera atasikitika na kuchukua mali yake, na kesho mumewe atapanda lori. Nyamaza, alijiambia, nyamaza, Kamaliza. Akainua macho. Goti la mumewe lilikuwa karibu kabisa na mbao. Mbele yake Gatera alikuwa tayari anatabasamu.

Kamaliza akakohoa.

Makuza akasimama. Akanyoosha mkono kidogo, polepole, kama mtu anayerekebisha kanzu, akaligusa benchi. Halafu, na hili ndilo lililosimuliwa vilimani kwa siku nyingi, akageuka, akaketi juu yake na kukunja mguu.

"Aksanti kwa kiti, katekista," alisema. "Ulijua muguu inaniuma."

Kanisa zima lilicheka. Walicheka mpaka Polycarpe akashindwa kufunga kwa sala. Gatera alicheka kuliko wote, akapiga makofi juu ya mapaja yake. Mama Nyiraneza peke yake hakucheka, alikuwa anamtazama Kamaliza. Naye Kamaliza alikuwa anatazama sakafu, akilia, na waliomwona walidhani ni aibu ya mke aliyemsingizia mumewe.

*

Nje ya kanisa Gatera alimkumbatia Makuza mbele ya watu.

"Bantu balinijaza maneno mubaya mu masikio," alisema. "Banasema, mukamate ngombe yako, ule muntu ni kipofu. Nami nilianza kuamini, unisamehe. Sasa nitakuonesha ya kama nakuaminia. Kesho kuna ngombe nne za kupeleka Walikale, kwa bale bazungu ba mine, banachimbaka madini, banataka nyama. Nilitaka kumupa Munyakazi ile kazi. Nakupa weye."

Walikale! Safari ya siku kadhaa, barabara nyembamba inayoshuka kutoka vilimani mpaka kwenye msitu, mto baada ya mto. Makuza alipiga kofi mara mbili taratibu, kama desturi inavyomtaka mtu aliyepewa heshima.

"Aksanti, Papa Gatera."

Walipofika nyumbani alikaa kwenye kizingiti, akamwita mkewe. Kamaliza alikuja akijua atatukanwa, na alikuwa tayari kutukanwa.

"Kwa nini ulikohoa?" Makuza akauliza.

Hakulitegemea swali hilo. "Nilikuona unaenda kuanguka."

"Ungeniacha nianguke." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira. "Nilipotoka pale ku kiti nilikukasirikia, ni kweli. Lakini mu njia nikasema, basi, leo itaisha. Nimechoka, Kamaliza. Nimechoka kuimbia ngombe ili isinikimbie."

"Mbona ulikaa juu ya benchi?"

"Ulikohoa. Ukikohoa miye nasimama. Mwili yangu haiulizake."

Athanasie alikuja na kikombe akitaka maziwa, mama yake akampa.

"Kesho umwambie Gatera uko mugonjwa," alisema Kamaliza.

"Leo nimeketi mbele ya bantu bote nikiwa muzima. Kesho nikatae kazi yake? Atakamata ngombe hata bila habari ya macho."

"Basi nitakufuata."

"Mwanamuke kufuata ngombe? Bantu batasema nini?"

"Banasema tayari niko na kifua," alisema Kamaliza. "Baendelee."

*

Asubuhi Gatera alimkabidhi ng'ombe wake wanne, akamwombea njia njema. Bihogo alibaki nyumbani na ndama wake, na mke wa jirani akapewa kazi ya kuwatazama. Kamaliza alingoja mpaka kundi lilipopita mgomba wa mwisho, akafunga mtoto mgongoni, akafuata.

Ng'ombe hawakumjua Makuza. Hawakuwa Bihogo wa kumngoja mtu. Walivuta huku na huku, dume jeusi likitangulia, naye Makuza akaufuata mlio wa kwato na kubahatisha. Nyuma yake mkewe alikohoa. Alikohoa kwenye jiwe, kwenye mfereji, kwenye gogo. Jua lilipopanda koo lilikuwa linamwasha kweli, na mara moja alitema mate yenye damu kidogo, akayafukia kwa mguu ili hata yeye asiyaone tena.

Walifika kwenye kona ambapo barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, ukuta wa udongo mkono mmoja, utupu mkono wa pili. Hapo ndipo lori la misheni lilipotokea. Lilikuwa limekwenda kuchukua vipofu wa vijiji vya mbele na sasa linarudi, litelemke mpaka Goma. Dereva alipiga honi.

Ng'ombe wakavurugika. Makuza akasimama katikati ya barabara, fimbo juu, akageuka upande mmoja, akageuka wa pili, akageuka tena. Hakujua tena ukuta uko wapi. Kamaliza akakohoa. Akakohoa kwa nguvu zake zote, lakini lori lilikuwa linanguruma na ng'ombe wanalia, na Makuza hakusikia kitu. Alichukua hatua kuelekea kwenye utupu. Dume jeusi lilikuwa kati yake na ukingo. Alilisukuma kwa kifua, akidhani ndilo linalomzuia kufika ukutani, akalipiga fimbo, nalo likarudi nyuma, udongo ukakatika, likaenda.

Walilisikia likigonga mara kadhaa. Dereva akazima lori.

"Makuza!" Kamaliza aliita sasa kwa jina, kwa sauti ya mdomo. "Simama hapo! Usitembee!"

Makuza akasimama. Polycarpe aliruka kutoka kwenye lori akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye ukuta wa udongo, akaiweka mikono yake hapo aupapase. Wale vipofu juu ya lori wakawa wanaulizana: ni nini, nani ameanguka?

"Papa Makuza," alisema Polycarpe, "uko unaona?"

"Sionake," alisema Makuza. "Sionake kitu. Ni ngombe gani imekufa?"

Mama Nyiraneza, aliyekuwa anawasindikiza vipofu mpaka parokiani tu, alikuwa ameshuka naye. Alimwendea Kamaliza, akampokea mtoto.

"Nafasi yake iko. Sikumupa muntu."

"Ulijua?"

"Nilisikia ile kikohozi mu kanisa. Hata miye niliolewa, mwanangu."

Wakampeleka Makuza kwenye lori. Aliposhika ubao akasita.

"Na Gatera?"

"Panda," alisema Kamaliza.

"Ile dume, nani atamwambia?"

"Gatera uniachie. Panda, Makuza."

Alipanda. Mkono wa mtu asiyemwona ulimvuta akakaa, na mtu mwingine akamsogezea blanketi magotini. Kamaliza alirudishiwa mtoto wake. Aliiokota fimbo ya mumewe barabarani, akawageuza ng'ombe watatu waliobaki, akaanza kuwarudisha. Watu waliokuwa wakilima kwenye miteremko waliacha majembe wakasimama kumtazama mwanamke akichunga ng'ombe wa Gatera barabarani mchana kweupe. Hakuwatazama. Hakukohoa pia, hapakuwa na wa kumkoholea.

*

Gatera aliwahesabu kwa macho kabla hajamsalimu. Kamaliza akapiga magoti zizini, akasema yote tangu mwanzo, macho, fimbo, benchi, kikohozi, na dume.

"Mulinichekesha mu kanisa," alisema Gatera. "Kumbe mulikuwa munanicheka miye."

"Hatukukucheka, Papa. Tulikuogopa."

"Mungeniambia ukweli."

"Tungekuambia, ungefanya nini?"

Gatera alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa sala na hakupenda kusema uongo. Aliwatazama ng'ombe wake wakinywa maji.

"Ningekamata Bihogo," alisema.

"Njo hivyo."

Alimchukua jioni ileile, na ndama wake. Hakumtukana mtu. Alisema hata dume halidai, na majirani wakasema Gatera ana moyo mkubwa, na kwa kweli angeweza kufanya mabaya zaidi. Bihogo hakutaka kutoka. Alisimama mlangoni akiita, akingoja aimbiwe, mpaka Munyakazi, mchungaji wa Gatera, akamchapa.

Ijumaa iliyofuata Kamaliza alishuka na kibuyu kitupu. Alikiweka mbele ya Mama Nyiraneza.

"Mukikamate. Kwangu haina kazi tena. Mutatilia maziwa ya bengine."

"Na mutoto anakunywa nini?"

"Maji ya maharage."

Mama Nyiraneza alitaka kusema jambo, lakini Kamaliza alikuwa ameshatoka.

*

Lori lilirudi mvua zilipokuwa zimeshika. Bibi mmoja wa kijiji cha jirani alishuka mwenyewe, bila kushikwa, akawa anawataja wajukuu wake mmoja mmoja kwa sura huku watu wakipiga vigelegele. Kamaliza alisimama nyuma ya watu. Makuza alishushwa wa mwisho. Alikuwa amepinda shingo upande.

Polycarpe alimvuta Kamaliza pembeni. "Munganga alimuangalia sana. Anasema ile ugonjwa inakulaka jicho kwa nyuma, haina dawa ikishamaliza. Kama tungemupeleka mwaka jana, jicho moja ingebaki."

"Nimesikia," alisema Makuza kutoka pale alipokuwa. "Masikio iko mazima."

Kamaliza aliona tena barabara ya mwaka uliopita, lori, na mkono wa mumewe ukipunga hewani upande usio na mtu. Akakaa chini kwenye tope. Makuza alimtafuta kwa fimbo mpaka akamgusa, akamnyooshea mkono akamwinua. Walikwenda nyumbani mkono kwa mkono, mbele ya watu wote, hawakuwa na cha kuficha tena.

Athanasie alikuwa amekonda. Hakukimbia kumlaki baba yake, alikaa tu kwenye kizingiti na tumbo lake kubwa. Makuza alimpapasa mikono, akapapasa mbavu, akarudisha mikono yake mapajani.

Ijumaa, jua likiwaka vizuri baada ya mvua, sauti zilisikika kutoka nyumba hadi nyumba chini ya kilima: "Ile kibuyu ya kushona njo inapanda!" Watu walitoka kutazama. Mama Nyiraneza alikuwa anapanda nacho kichwani, polepole, kwa kuwa umri wake si wa kupanda vilima. Kamaliza alimwona kutoka mbali. Alitamani aingie ndani afunge mlango, lakini mtoto alikuwa tayari amesimama.

"Ni ya chama," alisema Mama Nyiraneza, akihema. "Nyumba yenu nayo tumeingiza mu chama."

"Maziwa ya nani?" Makuza akauliza.

"Nimesema, ya chama."

"Ya ngombe ya nani, mama?"

Mjane alimtazama Kamaliza. Kamaliza akatikisa kichwa, usimwambie, lakini Mama Nyiraneza alikuwa amechoka na mambo ya kufichwa.

"Gatera njo anatoa siku hizi, kila Ijumaa. Ni ya Bihogo."

Majirani walikuwa kwenye ua, wanasubiri. Makuza alinyoosha mkono, akapewa kibuyu. Vidole vyake vilipita ubavuni, vikaukuta uzi aliousokota mwenyewe, vikaufuata mshono wote mpaka chini. Kwa muda Kamaliza aliamini atakimwaga, na hangemlaumu.

"Anza na mutoto," alisema Makuza.

Athanasie alikunywa kwa mikono yote miwili, bila kupumua, maziwa yakimtiririka kidevuni. Makuza alisikiliza kila funda. Mtoto alipomaliza, Kamaliza alikichukua kibuyu kilichobakiwa na maziwa kidogo, akaja akasimama mbele ya mumewe, akakohoa mara moja.

Makuza akanyoosha mikono miwili pamoja, kama wanavyonyoosha wale wanaopokea.